Mhudumu wa ambulansi na abishe hodi kabla mzee hajaanguka

MKAZI WA WALUKUBA

Ndugu zangu, salaam. Andiko hili ni refu, na ninaomba mnivumilie, kwa sababu jambo lenyewe nimekaa nalo moyoni tangu mwaka jana.

Ninaishi Walukuba, Jinja, katika nyumba zilizojengwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wafanyakazi, enzi ambazo bwawa la Owen Falls lilifunguliwa (1954) na kiwanda cha nguo cha Nyanza kikaanza kuita vijana kutoka kila upande. Walikuja Wasoga, Waganda, Wateso, Wajaluo, Wasamia na Walugbara, wakapangwa ukuta kwa ukuta, na ndiyo maana Kiswahili hapa kwetu si lugha ya kujifunza shuleni. Vijana wale ndio majirani zangu wa leo. Wana miaka 80 na kitu, wengi wamebaki na mjukuu mmoja anayesoma, na baadhi wamebaki peke yao.

Babu yangu mzaa mama ni mmoja wao. Usiku mmoja alianguka njiani kwenda choo cha nje. Tulimpakia kwenye bodaboda, mimi nikakaa nyuma yake nikimkumbatia asidondoke, tukafika hospitali ambayo sitaitaja, akashonwa kichwani na kurudishwa nyumbani alfajiri. Wiki tatu baadaye alianguka tena, mahali palepale na karibu saa ileile, akavunjika kifundo cha mkono. Walimfunga plasta. Mara zote mbili alihudumiwa kwa heshima, lakini mara zote mbili kilichotibiwa ni jeraha, na hakuna aliyeuliza kwa nini mzee huyu anaanguka.

Aliyeuliza ni kijana mpangaji wa jirani, tabibu aliyewahi kufanya kazi kwenye ambulansi. Alikuja kumjulia hali kama jirani tu. Aliomba kuona dawa zote zilizomo ndani, zikaletwa kwenye mfuko wa plastiki, akazitandaza mkekani. Kimojawapo kilikuwa kidonge cha presha cha aina inayotoa maji mwilini, na Babu alikuwa akikimeza saa tatu usiku anapolala, kwa kuwa ndivyo alivyoelewa maelezo. Kwa hiyo kila usiku wa manane kibofu kilimwamsha, akainuka kwa haraka gizani. Kijana yule akampima presha akiwa amelala, kisha akamsimamisha na kumpima tena baada ya dakika 1 na baada ya dakika 3. Namba ya juu ilishuka kwa zaidi ya 20, na kushuka kwa 20 au zaidi ndicho kipimo kinachotumika kusema kwamba presha ya mtu inaanguka anaposimama. Ndani ya mfuko uleule mlikuwa na diclofenac ya goti, iliyonunuliwa duka la dawa bila kuandikiwa na mtu, dawa ambayo hupandisha presha na kwa mzee inaweza kuumiza figo na tumbo. Kazi yote ilichukua chini ya saa moja. Babu alielekezwa kituoni akiwa na maelezo yameandikwa, kidonge kikahamishiwa asubuhi, diclofenac ikasitishwa, tukamwekea ndoo chumbani na taa ya sola mlangoni. Hajaanguka tena.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma kila ninachoweza kupata kuhusu wahudumu wa ambulansi wanaotembelea wazee majumbani. Niseme kwanza neno kuhusu jina, maana hapa Uganda linachanganya. Tukisikia "paramedical" wengi wetu tunakumbuka vyuo vya Mulago vilivyowafunza matabibu, watu wa maabara na wa eksirei. Ninaowazungumzia hapa ni paramediki kwa maana ya nchi nyingine, yaani mhudumu wa dharura aliyefunzwa kupima, kuamua na kutibu nje ya hospitali, peke yake, akiwa na begi moja tu mkononi.

Huko Kanada, jimbo la Nova Scotia, kuna visiwa viwili vidogo, Long Island na Brier Island, ambavyo wakazi wake wengi ni wazee na havikuwa na daktari mkazi. Wahudumu wa ambulansi walikuwapo saa 24, lakini simu zilikuwa chache. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakapewa kazi ya kutembelea watu majumbani kupima presha na sukari, kuchoma chanjo za mafua, kusafisha vidonda na kutazama hatari za kuanguka, wakishirikiana na muuguzi mwandamizi aliyekuwa kisiwani na daktari aliyekuwa mbali. Jimbo la Ontario, kwa mpango ulioanzia Chuo Kikuu cha McMaster, waliwafuata wazee kwenye majengo ya nyumba za bei nafuu: paramediki wanakaa sebuleni mwa jengo siku moja kwa wiki, mzee anashuka mwenyewe, anapimwa na kuzungumza naye, na akiwa na tatizo daktari wake anaarifiwa. Utafiti wao uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha simu za dharura 3.11 kwa mwezi kwa kila nyumba 100 kwenye majengo yaliyopata huduma, dhidi ya 3.99 kwenye majengo ambayo hayakupata. Jengo la wazee wa kipato cha chini, wamepangwa ukuta kwa ukuta! Niliposoma hapo nililiona Walukuba.

Uingereza walilipima kwa njia nyingine. Mjini Sheffield, paramediki walioongezewa mafunzo walipelekwa kwa watu wenye miaka 60 na zaidi waliopiga simu kwa tatizo dogo, ili wawatibu palepale nyumbani inapowezekana. Katika wagonjwa 3,018, waliofikishwa idara ya dharura walikuwa asilimia 62.6, huku waliohudumiwa kwa njia ya kawaida wakiwa asilimia 87.5, na waliolazwa ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 40.4 dhidi ya 46.5. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2007.

Ninajua jibu litakalokuja: hizo ni nchi tajiri. Ndiyo, lakini nchi hii imekwisha kufanya jambo zito zaidi. Mwaka 1993 Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, na wauguzi wakaanza kwenda majumbani kwa wagonjwa wa saratani wakiwa na morfini ya maji, dawa kali ya kutuliza maumivu. Mwaka 2004 kanuni zikabadilishwa ili wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa, yaani kumpunguzia maumivu mgonjwa wa ugonjwa mzito, waruhusiwe kuandika morfini wao wenyewe. Uingereza iliwaruhusu paramediki wake waandamizi kuandika dawa mwaka 2018. Kumwamini mtu asiye daktari aingie nyumba ya mgonjwa akiwa na dawa nzito ni jambo ambalo Uganda ililiamua mapema, na ililiamua kwa sababu ya uhaba wa madaktari, ambao ndio uhaba uleule tunaolia nao kwa wazee.

Kwa hiyo naleta hoja yangu: wahudumu wetu wa dharura wapewe saa maalumu za kuwatembelea wazee, na mafunzo ya kazi hiyo, badala ya kukutana nao sakafuni. Karibuni mnikosoe.

NESI WA IGANGA

Ndugu Mkazi, pole kwa yaliyompata Babu, na mshukuru jirani yako kwa niaba yangu. Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya cha ngazi ya tatu, na nitakukosoa kwa nia njema.

Kwanza, mtu wa kubisha hodi tunaye tayari. Wahudumu wa afya wa kijiji, VHT, wamekuwapo tangu mwaka 2001, wanaijua kila nyumba na kila mlango. Kasoro ni kwamba kazi waliyopewa inahusu zaidi mama na mtoto: malaria, kuhara, nimonia, chanjo, wajawazito. VHT wangu anaweza kumpima mtoto malaria kwa ustadi, lakini akimkuta jjajja, yaani bibi au babu, amevimba miguu atamwambia tu aende kituoni, na jjajja hatakwenda. Isitoshe ni watu wa kujitolea, na hatuwezi kuendelea kuwatwisha mizigo kana kwamba hawana mashamba ya kulima.

Pili, na hili ndilo linaloniuma, tuseme mhudumu wako ameingia nyumba kumi na kumkuta mama mwenye presha ya 190 kwa 110. Anamwandikia aje kwangu. Anakuja, kwa nauli aliyokopa, na siku hiyo sina dawa ya presha. Matibabu katika vituo vya serikali ni bure tangu mwaka 2001, lakini bure ya rafu tupu haimshushi mtu presha. Nimewaona wazee wakirudi mara mbili, mara ya tatu hawarudi. Kumgundua mgonjwa bila kumpa dawa ni kumwongezea hofu tu, na ninaomba hoja yako ilijibu hilo kabla haijaenda mbele.

ZAMU YA USIKU

Nami ni mhudumu wa ambulansi, nje kidogo ya Jinja. Ninayoyasema ni ya kwangu, si ya mwajiri.

Barabara ya kwenda Iganga mnaijua. Malori ya Malaba, mabasi, bodaboda zisizo na taa. Simu zetu nyingi ni ajali na akina mama wenye uchungu. Sera ya taifa ya huduma za dharura ilizinduliwa mwaka 2021, namba 912 ya simu ya dharura ikatangazwa, tukafurahi, lakini mafuta yakiisha gari linalala. Gari lililopo silikubali liende kupima presha huku mama akitokwa damu Buwenge. Katika hilo sitarudi nyuma hata hatua moja.

Hata hivyo, gari ni kitu kimoja na mhudumu ni kitu kingine. Kuna mchana ambao tunakaa chini ya mwembe saa nne mfululizo, begi lipo, mashine ya presha ipo, kipima sukari kipo. Tena kuna wenzetu walioumia mgongo kwa kunyanyua wagonjwa, ambao hawawezi tena kubeba machela, na huwa wanaachwa nyumbani au kuwekwa getini kusajili magari. Mtu mwenye ujuzi wa miaka kumi anasajili magari! Huyo angeweza kutembelea wazee kwa miguu katika mtaa mmoja.

Nimeokota wazee wengi sakafuni, na mara nyingi nikifika naikuta sababu imelala pale pale: mkeka uliokunjika ncha, kandambili iliyokatika kamba, kizingiti kilichovunjika. Ninamwinua mzee, ninaondoka, na mkeka unabaki vilevile, kwa kuwa si kazi niliyotumwa.

MKAZI WA WALUKUBA

Dada Nesi na ndugu Zamu, mmenirekebisha pakubwa. Nianze na gari: ninakubali kabisa. Hoja yangu iwe mhudumu, si gari. Habari ya wenzako walioumia mgongo ilinigusa, kwa sababu Ontario nao, mpango ulipokuwa mchanga, waliwatumia paramediki waliokuwa wamepewa kazi nyepesi.

Kuhusu dawa sina jibu linalotosha. Ninachoweza kusema ni kwamba yale yaliyomwokoa Babu hayakuhitaji hata kidonge kipya. Kidonge kimoja kilihamishwa saa, kingine kikaondolewa, na taa ikawekwa mlangoni. Nadhani sehemu ya kwanza ya ziara iwe hiyo, yaani kutandaza dawa mkekani na kutazama nyumba, kwa kuwa haina gharama hata rafu ikiwa tupu. Tena kituo kikijua kwa majina kwamba mtaani kwake kuna wazee kadhaa wa presha, kina idadi ya kuagizia dawa, ambapo sasa kinaagiza kwa kuwahesabu waliofika tu, na wazee ndio wasiofika.

Kuna jambo jingine nimelifikiria jana usiku. Ruzuku ya wazee, ile shilingi 25,000 kwa mwezi iliyoanza kwa majaribio mwaka 2010 na ilipoenezwa nchi nzima ikaelekezwa kwa waliofikisha miaka 80, huwakusanya wazee mahali pamoja siku ya malipo. Wanakaa saa nyingi kivulini wakisubiri kuitwa. Mhudumu mmoja mwenye mashine ya presha, akikaa pembeni ya foleni hiyo, atawaona watu wengi kuliko mwezi mzima wa kuzunguka. Na zaidi ya hapo: wapo wasiofika, wanaomtuma mtoto au mjukuu awachukulie, kwa sababu hawawezi kutembea. Majina hayo ya wasiofika ndiyo orodha ya nyumba za kubishia hodi. Orodha imekwisha kuandikwa, haihitaji mradi wala utafiti.

MVUVI WA SIGULU

Nimesoma habari ya visiwa vya Kanada nikaona mnatuzungumzia sisi. Huku Namayingo upande wa ziwani, mzee akishikwa na kiharusi usiku tunasubiri mtumbwi wenye injini, tunasubiri upepo utulie, tunachanga mafuta, na wakati huo mdomo wake umekwisha kupinda na mkono umelegea. Dakika hizo ndizo ubongo unapokufa. Mama yangu mkubwa alifika nchi kavu baada ya muda wa saa kumi na moja.

Kwa visiwani simu ya dharura haina maana kubwa, kwa kuwa hata ikipokelewa ziwa halipungui. Kinachowezekana ni mtu akae huku, apime presha kabla. Kalangala peke yake ina visiwa 84, na Buvuma na sisi tupo. Mkiandika pendekezo, visiwa viwe mwanzo, visiwekwe mwishoni kama kawaida.

BINTI WA BOMBO

Naomba niongeze jambo dogo ambalo wataalamu wanaweza kulipita. Mama yangu ana miaka 78. Akija kijana mwenye sare akaanza kumuuliza anakojoa mara ngapi usiku, mama atamjibu kwamba yeye ni mzima, namshukuru Mungu, karibu chai, na kijana ataandika kwamba bibi ni mzima. Majibu ya kweli huja ziara ya tatu, baada ya salamu ndefu na kuulizana habari za watu wa nyumbani, na mara nyingi huja kwa mwanamke. Kwa hiyo mhudumu asibadilishwe kila wiki. Awe yuleyule, aje na VHT anayejulikana, aketi chini mama alipoketi, asisimame juu yake na karatasi. Mama aliwahi kumficha muuguzi kidonda cha mguu kwa miezi miwili kwa sababu tu muuguzi alizungumza naye akiwa amesimama mlangoni.

NESI WA IGANGA

Dada Binti, umesema kweli tupu, na nimeona aibu kidogo, maana nami huwa nasimama mlangoni nikiwa na haraka.

Ndugu Mkazi, la siku ya malipo nimelipenda. Nitoe ushauri wa kazi, kwa anayetaka kujaribu bila kusubiri Wizara. Kumbukumbu ziandikwe kwenye daftari lilelile la shule ambalo mgonjwa huja nalo kituoni, si kwenye fomu mpya, kwa sababu daftari ndilo nitakaloliona mimi. Presha iandikwe aliyopimwa akiwa ameketi na akiwa amesimama. Dawa zote ziandikwe, pamoja na za duka na za mitishamba. Halafu mzee aombwe ainuke kitini, atembee mita 3, ageuke, arudi na kuketi: akichukua sekunde 12 au zaidi, huyo yuko kwenye hatari ya kuanguka na aandikwe juu ya orodha. Kipimo hicho kinataka kiti na saa ya simu tu.

Na mhudumu asigawe dawa. Mpaka sheria ibadilishwe kama ilivyobadilishwa kwa morfini, mpaka wake uwe kupima, kueleza na kuelekeza, vinginevyo siku moja itatokea ajali na jambo zima litazikwa nayo. Wa kulipeleka suala la sheria ni wabunge wanaowakilisha wazee. Baada ya uchaguzi wa 2021 walikuwa watano, na wazee wana wawakilishi wao hadi kwenye mabaraza ya chini. Kwangu mimi, ukinipa majina ya watu wenye presha katika mtaa wangu, nitaagiza dawa kwa majina hayo. Siahidi kwamba zitafika zote.

ZAMU YA USIKU

Nakubaliana na Nesi kuhusu mpaka. Sitaki kugawa dawa. Ninachotaka ni ruhusa ya kunyoosha mkeka.

Ndugu Mkazi, wiki hii niko zamu ya usiku, kwa hiyo Alhamisi mchana niko huru, na mashine ya presha ninayo yangu mwenyewe. Nitakuja Walukuba kwa baiskeli. Mtafute yule tabibu jirani yako, na mama mmoja wa VHT anayejulikana mtaani, tuanze na mistari miwili ya nyumba iliyo karibu na kwenu. Mwenyekiti wa mtaa (LC1) ajulishwe kabla, na wazee waambiwe jina langu na saa nitakayofika, ili wasishtuke kuona sare ya ambulansi mlangoni wakadhani kuna aliyefariki.